Kikaoni, mpeni mtu mmoja zamu ya kupinga
Kabla kikundi cha kuweka na kukopa hakijapitisha jambo la hela, teueni mmoja apinge kwa makusudi, na mtangaze mapema kwamba hiyo ni zamu yake. Hapo hakuna atakayemwona adui wa maendeleo. Hoja itajibiwa, mtu hataguswa. Kanisa Katoliki lilikuwa na ofisa wa kazi hiyo tangu 1587, akipekua kasoro za aliyependekezwa kutangazwa mtakatifu, hadi mwaka 1983 cheo hicho kilipopunguzwa makali. Badilishaneni zamu, maana akiwa yuleyule kila mara watu huziba masikio. Haisaidii kama mwenyekiti ameshaamua moyoni. Na kwenye msiba au ugomvi wa ndoa usithubutu, utaonekana mkorofi tu, tena kwa haki.