Somo: kizimba cha nyoka mwenye sumu, tuanzie siku ya usafi

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Kila anayeniuliza kuhusu vizimba huanza na ukubwa: futi ngapi kwa ngapi? Mimi humuuliza kwanza, siku ya usafi utafanyaje? Mlango ukiwa umefungwa, karibu kila sanduku humzuia nyoka. Watu huumwa mlango ukiwa wazi, mkono ukitafuta bakuli la maji. Kwa hiyo ukifika kwa fundi pale Igoma au Buhongwa, hapa Mwanza, usimwambie "nataka sanduku la nyoka". Mweleze utakavyotoa kinyesi bila wewe na nyoka kuwa upande mmoja wa mlango.

Kabla ya mbao, kibali. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, nyoka hawi mali yako kwa kuwa umemkuta kwenye mawe nyuma ya nyumba, na Mwanza mawe hayo hatuna uhaba nayo. Kisha uliza hospitali utakayokimbilia kama dawa ya kuzuia sumu ipo na inamhusu nyoka wako. Kama haipo, ujenzi usubiri.

Hatua ya 1: mjue mkaaji. Kifutu ni mzito na hukaa chini, basi mpe sakafu pana kuliko kimo. Fira wa msituni hupanda na ana kasi. Koboko mkubwa hupita mita 3. Anayeanza asimguse, na aliyebobea pia ajiulize anamtakia nini. Jambo linalosahaulika: kifutu hatagi mayai, huzaa watoto hai. Watoto 20 hadi 40 kwa mzao mmoja ni kawaida, kila mmoja ana urefu wa sentimita 15 hadi 20 hivi na sumu yake tayari. Ukinunua jike aliyetoka porini, pima nyufa zako kwa hao watoto. Mama hatapita hapo, wao watapita.

Hatua ya 2: kisanduku cha kujificha. Hapa ndipo pesa yako iende. Ndani ya kizimba weka kisanduku chenye tundu moja la kuingilia, na kibao cha kuteleza kinachofunga tundu hilo. Kibao kiunganishwe na fimbo ya chuma inayotokeza nje kupitia ubavuni, na tundu la fimbo libane. Nyoka hupenda giza na pembamba, ataingia mwenyewe. Ukimwona yumo mwili mzima, mkia pamoja, sukuma fimbo, tia pini isirudi, ndipo ufungue mlango mkubwa. Kifuniko cha kisanduku kiwe kioo au plastiki nene inayoonyesha, kikifunikwa na kitambaa cheusi kinachovutwa kwa nje. Usipomwona nyoka, hufungui. Hata kama ni juzi tu ulimwona.

Hatua ya 3: mbele na matundu ya hewa. Kioo kisipungue milimita 6. Kile cha tabaka mbili, cha aina inayowekwa mbele ya gari, ni bora kwa kuwa kikipasuka hakimwagiki. Milango ya vioo viwili vinavyopishana, ya makabati ya dukani, ni rahisi kupatikana, ila pale vinapopishana hubaki upenyo. Mimi napendelea mlango mmoja wa fremu ya alumini, bawaba ndani ya fremu, komeo mbili na kufuli. Kizingiti cha chini kiinuke, maana kifutu hupenda kulala akiegemea mlango.

Matundu ya hewa yawe na wavu wa chuma tabaka mbili, kati yake sentimita 5, kwa sababu meno hupita kwenye wavu mmoja. Wavu wa dagaa usitumike kabisa: nyoka hunasa, hujikata, na wewe utalazimika kumnasua. Unyevu wa ziwani huvimbisha plaiwudi ya kawaida na kutia misumari kutu, basi paka rangi ya mafuta hadi kwenye kingo zilizokatwa.

Hatua ya 4: chumba. Mlango usiache nafasi chini, dari isiwe na tundu, swichi ya taa iwe nje. Bandika jina la nyoka na idadi yao.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sisi ni kikundi cha ngoma huku Kisesa. Nyoka wetu ametolewa meno. Bado anahitaji kufuli?*
Anahitaji. Nyuma ya kila jino la sumu kuna mengine yanayosubiri nafasi, yataota. Naheshimu kazi ya Bayeye, wale wacheza ngoma ya nyoka wa Kisukuma, wamewajua nyoka kabla yetu sote, lakini sanduku la mfuniko wa juu litumike kusafirishia tu. Watoto huinua mifuniko.

*Kaka, swila anatema mate. Wavu unatosha?*
Hautoshi, sumu hupita. Kioo, na miwani ya kufunika macho kila unapoingia. Ikikupata machoni, suuza kwa maji safi mengi dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

*Taa ya joto ni lazima?*
Kwa Mwanza mara nyingi si lazima. Hofu yangu ni kioo kupigwa na jua chini ya bati. Nyoka hufa mchana mmoja.

*Naweza kuweka wawili pamoja?*
Hapana. Huwezi kuwatazama wote wawili.

*Nikiumwa, nina jiwe la nyoka nyumbani, nianze nalo?*
Liache. Usichanje, usikaze kamba, vua pete na saa, kiungo kitulie, uwahi hospitali. Na fungia nyoka kwanza kama unaweza bila kumkaribia. Vinginevyo funga chumba, mwambie jirani asiingie.