Jinsi ya kuzuia Euro Truck isijiapdeti na kukuvurugia modi

Juzi binamu yangu wa Mbeya kanipigia saa nne usiku, anasema basi lake halipo. Basi lenyewe ni la kwenye Euro Truck Simulator 2, gemu ya kompyuta ya kuendesha malori, na ni modi (nyongeza wanayotengeneza wachezaji wenyewe) ya basi la mkoani ambayo rangi kaipaka mwenyewe, mpaka maandishi ya kioo cha nyuma kayapanga herufi kwa herufi. Kilichotokea: gemu ilishusha toleo jipya, akafungua bila kuangalia, ikamletea orodha ya modi zisizoendana, akabonyeza endelea, akatembea kidogo na gemu ikajiseva. Gemu ikikosa modi ya gari lako na ukakubali kuendelea, gari linaondolewa, na save inayofuata inaandika hivyo hivyo kwamba huna basi. Tumekaa kwenye simu mpaka saa saba. Naweka hapa tulivyofanya, maana najua wapo wengi wa hivyo.

Kabla ya hatua zenyewe elewa hili. Modi inatengenezwa kwa toleo fulani la gemu. Faili nyingi za modi, zile zinazoishia na .scs, zinafunguka kwa 7-Zip kama zip ya kawaida, ndani utakuta faili linaitwa manifest.sii lenye mstari kama huu:

compatible_versions[]: "1.49.*"

Gemu ikipanda kwenda 1.50 modi hiyo inahesabika haiendani. Wapo wanaofungua hilo faili wakabadilisha namba, mimi simshauri mtu. Alama ya kutoendana inaondoka kweli, ila kilichobadilika ndani ya gemu kiko palepale, modi ya rangi tu inaweza kupita lakini basi zima au modi ya ramani kama ProMods inaweza kukuangushia gemu katikati ya safari.

Hatua ya 1: jua uko toleo gani

Nenda Documents, folda ya Euro Truck Simulator 2, fungua game.log.txt kwa Notepad, tafuta maneno "init ver." na namba iliyo mbele yake ndiyo toleo lako. Iandike pembeni.

Hatua ya 2: iambie Steam isubiri

Fungua Steam, programu unayoshushia na kufungulia gemu. Right-click kwenye gemu, Properties, Updates, halafu chagua ile ya kusubiri mpaka ufungue gemu mwenyewe (maneno yake yanabadilika Steam ikibadilishwa sura, ila maana ni hiyo). Hakuna chaguo la "usiapdeti kamwe", usipoteze muda kulitafuta. Maana yake kuanzia leo kitufe cha Play ndicho mlango. Kikibadilika kikaandika Update, usikibonyeze, nenda hatua ya 4.

Kuna njia nyingine wengi wanaipenda, ya kufanya faili la appmanifest_227300.acf liwe read-only ili Steam ishindwe kuliandika. Siipendi kabisa. Steam inabaki inajaribu kuandika inashindwa, inatoa makosa ambayo hayaeleweki yametoka wapi, na siku unataka kuapdeti kweli umeshasahau kama uliligusa. Kuzima intaneti nako si dawa, utaiwasha tu siku moja na kazi yote inaanza upya.

Hatua ya 3: kopi profaili yako, na ukopi iliyo sahihi

Hapa ndipo tulipoteza kama masaa mawili, kwa hiyo soma taratibu.

Profaili ndiyo folda inayobeba gari lako, safari zako na save zote. Save iliyoandikwa na toleo jipya haifunguki kwenye toleo la zamani. Ya zamani inapanda juu, ya juu haishuki. Kwa hiyo hata ukifanikiwa kurudisha gemu nyuma, kama uliseva kwenye toleo jipya na huna kopi ya nyuma, umerudisha gemu tupu. Kopi lazima iwepo kabla.

Sasa kopi ya nini? Ukiingia kwenye folda ya gemu kule Documents utaona folda mbili zinazofanana majina, profiles na steam_profiles. Sisi tuliikimbilia steam_profiles, tukaihangaikia weee, kumbe ile ina mipangilio tu, vitufe na vitu vya hivyo, safari na gari hazimo. Kama profaili yako inatumia Steam Cloud (Steam inakuhifadhia kopi mtandaoni), data yenyewe iko ndani ya folda ya Steam: userdata, kisha folda yenye namba ya akaunti yako, kisha 227300, remote, profiles. Kama hutumii Steam Cloud ndio iko Documents kwenye profiles.

Na ukifika usitegemee kukuta jina lako. Utakuta kitu kama 426172616B61. Usifute ukidhani ni takataka! Hilo ni jina la profaili limeandikwa kwa namba za herufi, kila tarakimu mbili ni herufi moja: 42 ni B, 61 ni a, 72 ni r, 6B ni k. Hapo pameandikwa Baraka. Binamu alikuwa na folda tatu za hivyo na alikuwa ameshaweka kidole kwenye Delete.

Ushauri wangu ni uzime Steam Cloud kwa profaili yenye modi. Kwenye skrini ya kuchagua profaili bonyeza kuhariri, toa tiki ya Steam Cloud, profaili inahamia Documents kwenye profiles na inakuwa mikononi mwako. Halafu kopi folda nzima, siyo faili mojamoja, peleka kwenye flashi na uipe jina lenye tarehe na toleo. Kilichomwokoa binamu ni flashi aliyokopi wiki mbili nyuma alipokuwa anapiga Windows upya. Safari za wiki mbili zimekwenda, ila basi limerudi na maandishi yake yote.

Hatua ya 4: jifungie kwenye toleo la zamani

SCS Software, watengenezaji wa gemu, wenyewe wanaacha matoleo ya nyuma kwa ajili ya watu wa modi. Properties, Betas, fungua orodha, utaona majina kama temporary_1_49, na pembeni wameandika kabisa kwamba ni kwa modi zisizoendana. Chagua namba uliyoandika hatua ya 1. Hii ndiyo njia ninayoiamini, maana ukishakuwa humo toleo jipya likitoka halikugusi.

Angalia mambo haya lakini. Toleo ambalo ndilo jipya kwa sasa kwa kawaida halimo kwenye orodha, linaingia likishapata mrithi, ndiyo maana hatua ya 2 ipo, inakushikia mlango siku hiyo. Ukihama toleo Steam itashusha mafaili, inaweza kuwa GB kadhaa, hakikisha bando lipo kabla hujabonyeza. DLC mpya ya ramani (nyongeza rasmi ya kununua) haitafunguka ukiwa toleo la nyuma. Na kama mnacheza Convoy, yaani pamoja mtandaoni, na washikaji, wote muwe toleo moja, kwa hiyo kubalianeni kwanza.

Hatua ya 5: modi za Workshop

Hizi ni modi unazojiunga nazo ndani ya Steam kwenyewe. Zinajiapdeti zenyewe hata kama gemu umeifungia kwenye toleo la zamani, mtengenezaji akipandisha mpya na wewe unapata. Wapo wanaoacha humohumo na mafaili ya matoleo ya nyuma, wapo wasioacha. Kwa modi unayoitegemea kama basi lenyewe, tafuta .scs ya mtengenezaji uiweke kwenye folda ya mod kule Documents. Hiyo haiguswi na mtu.

Siku modi zako zote zimetoka kwa toleo jipya, rudi Betas, weka None (yaani toleo la kawaida, jina linaweza kubadilika), kopi profaili kwanza, ndio ufungue. Orodha ya modi zisizoendana ikitokea, rudi nyuma hapohapo kabla gemu haijaseva.