Usilivue Bwawa Nguo Zake kwa Siku Moja

Bwawa letu liko nyuma ya bonde la mpunga, karibu na Konde, Pemba. Mwaka mmoja, kaskazi imepamba moto, tuliita vijana tukang'oa mayungiyungi na magugu yote kwa siku moja, tukayaacha yaoze pembezoni, nusu yamo majini. Siku ya nne alfajiri perege walikuwa juu, midomo wazi, wanahema. Kufika adhuhuri wameshageuza matumbo. Nililia.

Majani yakioza majini, vijidudu vinavyoyaozesha humaliza oksijeni, na maji ya moto toka hapo huwa na hewa kidogo. Halafu rutuba iliyokuwa ndani ya mimea hurudi majini. Wiki mbili baadaye bwawa likawa kijani kama mchuzi wa kisamvu, na tope, lililokuwa limeshikwa na mizizi, likawa linavurugika kwa upepo mdogo tu.

Sasa nasubiri kusi, Juni au Julai, maji yamepoa. Naligawa bwawa mafungu matatu, nang'oa fungu moja, jengine baada ya mwezi. Maji yanapoingilia kutoka mashambani sigusi kitu, maana majani yale ndiyo yanayochuja udongo. Pembeni pia naacha ukanda wa mayungiyungi. Ndimo vifaranga vya perege vinamojificha. Ila wanapoteka maji na kuchezea watoto nasafisha hasa, kwa sababu konokono wa kichocho hujishika kwenye majani na mashina. Kichocho kipo kwetu, Pemba na Unguja, kwa hiyo vaa gambuti, usiingie miguu mitupu.

Gugu maji, lile lililoziba ghuba za Ziwa Victoria miaka ya 1990, halina nafasi ya kuachiwa. Ni mgeni kutoka Amerika Kusini. Ukiona hata shina moja, litoe na mizizi yake.

Unachong'oa kitie kwenye pakacha, ukipeleke migombani, mbali na mteremko, mvua isirudishe majimaji yake bwawani.

Kabla ya kuanza, funga sahani nyeupe kwa kamba, weka jiwe juu yake, izamishe mpaka ipotee machoni, kisha funga fundo kwenye kamba pale maji yalipofika. Yangu hupotea kwenye dhiraa mbili. Mwaka ule ilipotea shibiri moja tu. Rudia kila wiki. Fundo likianza kubaki juu ya maji, usiguse fungu la pili. Na siku zinazofuata nenda alfajiri, kabla jua halijatoka: ukikuta samaki wanahema juu, toa haraka majani yote yaliyobaki yanaelea, kisha fungulia maji mapya.