Kusafisha data ya dodoso, kutoka Excel hadi R

Wanafunzi wengi wanaonijia hapa Morogoro na utafiti wao wa shahada huanza na ombi lilelile: "Kaka, data ninayo, nifanyie SPSS." SPSS ni programu ya takwimu, na wanaiomba kama mtu anayetaka achomwe sindano arudi zake nyumbani. Hesabu zenyewe, ziwe asilimia, kai-skwea au rigresheni, ni za dakika chache. Siku zinaishia kwenye kusafisha: kujua kama 99 ni umri au ni "hajui", kama kata mbili zenye majina yanayofanana ni moja, na kama gunia la mkulima huyu ni sawa na la yule. Hapa naeleza ninavyoifanya kazi hiyo. Mifano yangu mingi ni ya wakulima kwa sababu ndiyo data ninayoletewa.

Tuanze na programu, tusikae hapo sana. Tumia ile ambayo msimamizi wako anaweza kuisoma, maana yeye ndiye atakayekuuliza maswali. Kama amezoea SPSS na wewe huna hela ya leseni, achana na ile inayozunguka kwenye flashi. Chukua PSPP, ni ya bure, inafungua mafaili ya SPSS, yale ya .sav, na sura yake haiko mbali na SPSS. Jamovi nayo ni ya bure, na chini kwa chini inaendeshwa na R. Wachumi na watu wa afya ya jamii wengi wako kwenye Stata. Mimi natumia R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kwenye Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Haidai shilingi, na kwa pakeji (programu-nyongeza) ya haven inasoma mafaili ya SPSS na ya Stata bila kinyongo.

Ninachoshikilia ni kwamba kila ulichoifanyia data kiwe kimeandikwa mahali. Katika R ni skripti, yaani faili la amri, katika Stata ni do-file. SPSS nayo inaweza, ila wengi hawajui: ukishachagua vitu kwenye dirisha, usibonyeze "OK", bonyeza "Paste", na amri yote itajiandika kwenye dirisha la Syntax, uihifadhi. Excel haina pa kuandika kwamba jana usiku ulifuta mistari kadhaa kwa sababu ulihisi haieleweki. Miezi sita baadaye, mbele ya watahini, hata wewe hutakumbuka.

Sasa kazi. Tengeneza folda tatu: ghafi, kazi, matokeo. Faili ulilolipakua KoboToolbox, programu ya kukusanyia dodoso kwa simu au kishikwambi, au ulilopewa na wadadisi linaingia ghafi na haliguswi tena. Na ninaposema haliguswi, nina maana hata usilibofye mara mbili kulichungulia. Faili la .csv likifunguliwa hivyo, Excel inaanza kukusaidia kabla hujaomba msaada. Namba ya simu 0754 inakuwa 754. Tarehe 03/04/2023, kama kompyuta imewekwa kwa mpangilio wa Marekani, inakuwa tarehe 4 Machi, wakati 13/04/2023 inabaki maandishi kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Hapo kolamu moja ina tarehe zilizogeuzwa na tarehe zisizogeuzwa, na kwa macho zote zinaonekana nzima. Ukihifadhi tu, imekula kwako.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ndiyo inayoumia zaidi. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Excel inabeba tarakimu 15 tu za namba. Tano za mwisho inazifanya sifuri. Kwa hiyo watu wawili waliozaliwa siku moja, ambao namba zao zinatofautiana mwishoni tu, wanageuka mtu mmoja. Kisha ukiamuru programu iondoe waliojirudia, mmoja wao anafutika kimyakimya. Wala usidhani haya ni ya wanafunzi peke yao. Uingereza, Oktoba 2020, karibu wagonjwa 16,000 wa UVIKO-19 walichelewa kuingia kwenye takwimu kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili la aina ya zamani, .xls, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536.

Dawa yake ni kusoma kila kitu kama maandishi kwanza, halafu wewe mwenyewe useme kipi ni namba na kipi ni tarehe. Katika R, baada ya kufungua pakeji za readr, dplyr, stringr na lubridate:

kaya <- read_csv("ghafi/kaya.csv", col_types = cols(.default = "c"))

Hiyo "c" inaiambia R ichukue kila kolamu kama herufi. Sifuri ya simu inabaki, NIDA inabaki. Tarehe unazigeuza kwa dmy(), yaani siku, mwezi, mwaka, kama tunavyoandika sisi. Ukikuta kwenye kolamu ya tarehe namba kama 45019, usishtuke: ni Excel inayohesabu siku tangu mwaka 1900. as.Date(45019, origin = "1899-12-30") itakurudishia tarehe 3 Aprili 2023.

Kama namba za NIDA na majina ya watu vimo kwenye data, viondoe mapema. Kila kaya ipe namba yako ya utambulisho, orodha inayounganisha namba hiyo na jina iweke mahali pengine penye nywila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na "ni utafiti wa shule tu" si utetezi.

Halafu mapengo, yaani majibu yanayokosekana. Chukua kolamu moja moja, uihesabu yote uone kilichomo:

count(kaya, umri) |> print(n = Inf)

Utaona vituko: seli tupu, "hajui", 99, 999, -99, na O ya herufi mahali pa sifuri. Tuseme kaya tano zimeulizwa idadi ya watoto, majibu ni 2, 3, 4, 3 na 99, ambapo 99 ni alama ya "hakujibu". Wastani ukiuacha hivyo ni watoto 22.2. Ukiitoa 99 ni 3. Huo wa 22 utaushtukia, lakini kwenye kaya 400 zenye 99 tatu, wastani unapanda kidogo tu na unapita hadi kwenye hitimisho la tasnifu. Kwa umri nashauri alama iwe 999 au -99 tangu dodoso linapoandikwa, maana bibi wa miaka 99 yupo na ana haki ya kuhesabiwa.

kaya <- mutate(kaya, umri = na_if(as.numeric(umri), 999))

R itatoa onyo kwamba baadhi ya maandishi yameshindwa kuwa namba. Usilipuuze, rudi uangalie ni yapi. Na kila programu ina tabia yake kwa pengo. R ukiiomba wastani wa kolamu yenye pengo inakataa, inakujibu NA, mpaka uiambie na.rm = TRUE. Wengi wanaona ni usumbufu, mimi naona ni adabu. Stata inalihesabu pengo kuwa kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo ukiandika "if umri > 60" unawabeba wazee pamoja na wote ambao umri wao haujulikani. Andika "if umri > 60 & umri < ." ndipo upate wazee peke yao. SPSS inataka uende Variable View uitangazie kwamba 99 ni pengo, la sivyo kwake ni namba halali.

Majina ya kata yana dawa mbili. Kwanza str_squish() na str_to_title(), kufuta nafasi za ziada na kulinganisha herufi kubwa na ndogo. Yanayobaki usiyaachie kompyuta ikisie kwa kufanana kwa herufi, itakuunganishia Kihonda na Kihonda Maghorofani. Tengeneza faili dogo lenye kolamu mbili, jina lilivyoandikwa na jina sahihi, ulijaze kwa mkono ukiwa na mtu anayepajua, kisha uliunganishe kwa left_join().

Saa inastahili nafasi yake, na mwongozo uliotungwa nje hautakwambia. Kishikwambi kinarekodi mahojiano yalianza 08:14. Mama akiulizwa anakwenda kuchota maji saa ngapi anajibu "saa 11", na mdadisi anaandika 11. Kwa kompyuta hiyo ni saa tano asubuhi. Mama alimaanisha alfajiri, yaani 05:00. Bila kolamu ya pili inayosema ni alfajiri, mchana au usiku, hakuna skripti itakayoiokoa data hiyo, kwa hiyo iweke kwenye dodoso kabla hujatuma wadadisi. Ukiwa nayo, hesabu ni nyepesi: saa za mchana unaongeza 6, za usiku unaongeza 18, na ikifika au kuvuka 24 unatoa 24.

mutate(kaya, saa24 = if_else(giza, (saa + 18) %% 24, (saa + 6) %% 24))

Hapo saa iwe imeshageuzwa kuwa namba, na giza ni kolamu ya ndiyo au hapana unayoitengeneza mwenyewe. Mtego uko mipakani. Saa 12 asubuhi ni 06:00, na kwa hesabu hii inahesabiwa upande wa giza hata kama jua limeshatoka. Ukiiweka mchana inakuwa 18:00. Saa 12 jioni ni ya mchana. Saa 1 jioni, kama wengine wanavyoisema, ni ya giza, la sivyo watu watakuwa wanakula chakula cha jioni saa moja asubuhi.

Vipimo navyo: debe, kisado, gunia, ekari. Kiasi kikae kolamu yake na kipimo kolamu yake, kamwe usiandike "gunia 3 na debe 1" kwenye seli moja. Ekari haina ubishi, zidisha kwa 0.405 upate hekta. Gunia lina ubishi mkubwa, na likiwa lumbesa ndiyo kabisa. Usichukue kilo 100 kwa mazoea. Pima magunia machache ya kijiji hicho kwa mizani, uandike kwenye tasnifu ulichopima.

Maswali ya "chagua yote yanayohusika" kutoka Kobo huja kwa namna mbili: kolamu moja yenye "1 3 7", na kolamu za pembeni zenye 0 na 1. Tumia za 0 na 1.

Kama hukwenda shambani bali umepakua data ya DHS (utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu), mathalani ya Tanzania ya 2022, usafishaji mwingi umeshafanyika lakini kuna uzito wa sampuli. Kolamu ya v005 igawanye kwa 1,000,000 kabla ya kuitumia, na makundi ya sampuli yako kwenye v021. Pakeji ya survey inazipokea kwa svydesign(), pamoja na matabaka. Kai-skwea ya kawaida kwenye data ya aina hiyo inakupa uhakika ambao huna.

Ukimaliza, hifadhi data safi kwenye kazi, funga R, fungua tena, uendeshe skripti kuanzia mstari wa kwanza bila kugusa kitu. Kama unaandikia R ndani ya programu ya RStudio, Ctrl+Shift+F10 inaianzisha upya. Ikifika mwisho, linganisha idadi ya kaya na ile ya faili ghafi, na kila iliyopungua iwe na mstari wake unaoeleza kwa nini imetolewa. Ikikwama njiani, tazama mstari huo: mara nyingi ni kolamu uliyoitengeneza kwa kuandika moja kwa moja kwenye konsoli (dirisha la amri), ukasahau kuirudisha kwenye skripti.