Pima tairi za mbele mwenyewe kwa chaki na tepu

Wenzangu wa Njoro na Molo, mashimo yakikulia tairi za mbele ukingo mmoja, jipimie nyumbani uone kama zimenyooka. Kwanza inua gari kwa jeki, utikise gurudumu kushoto na kulia. Likicheza, badilisha kilicholegea, la sivyo kupima kutakudanganya. Shusha gari mahali tambarare, upepo sawa, usukani umenyooka. Weka alama za chaki katikati ya meno ya kila tairi ya mbele, upande wa nyuma, kimo cha katikati ya rimu. Pimeni wawili kwa tepu umbali kati ya alama hizo mbili. Sukuma gari mbele, kamwe usirudishe nyuma, alama zifike mbele kwa kimo kilekile, pimeni tena. Umbali wa mbele ukiwa mkubwa, tairi zinaangalia nje na zitalika ndani. Linganisha na kijitabu cha gari: nyingi huruhusu tofauti ya milimita chache tu. Ukirekebisha, zungusha tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) zote mbili kiasi sawa.