Somo: Wanafunzi Kuisaidia Halmashauri Kupanga Matumizi ya Ardhi ya Kijiji

Somo hili ni kwa wanachuo wa Iringa na Mbeya wanaokwenda mafunzo kwa vitendo katika idara za ardhi au mazingira. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 imeipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kuandaa mpango, na Mkutano Mkuu wa Kijiji kazi ya kuupitisha. Mwanafunzi hupima, huchora na kuandika, basi.

Hatua ya kwanza ni barua ya chuo, ambayo hupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya hadi kwa mtendaji wa kijiji.

Hatua ya pili ni ramani ya awali. Picha za setilaiti ya Sentinel-2 hupatikana bure, na pikseli yake (kinukta kimoja cha picha) ndogo kabisa ni mita 10 ardhini kwa kila upande.

Hatua ya tatu ndiyo kazi yenyewe: kutembea bondeni pamoja na wenye vinyungu, yaani bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu hifadhi yake. Kwenye picha, mita hizo ni pikseli sita tu. Ardhini ni bustani ya mboga inayolisha kaya kiangazi kizima. Kwa hiyo pimeni kwa futi kamba, mkiandika kila kinyungu kina zao gani na hulimwa miezi ipi, ili kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji ijadili kitu inachokijua.

Hatua ya nne, rudisheni ramani kwa kamati, isahihishwe kabla ya mkutano mkuu.

Maswali ya wanachuo

*Mwalimu, ramani yetu inaonyesha msitu, wenyeji wanasema ni mashamba. Tumwamini nani?*

Waaminini wenyeji, kisha mkahakikishe. Mashamba ya miti ya misindano na milingoti (mikaratusi), ambayo Mufindi yamejaa, huonekana kijani kama msitu wa asili, ilhali mwenye shamba ana haki ya kuvuna.

*Shikamoo mwalimu. Vijiji viwili vinagombea mpaka, tuchore upi?*

Marahaba. Msichore wowote. Wekeni mstari wa nukta, andikeni maelezo ya pande zote mbili, na mumkabidhi afisa ardhi wa wilaya, kwa kuwa ramani ya mwanafunzi ikishabandikwa ofisini kwa mtendaji, upande mmoja utaitumia kama ushahidi.