Kununua gitaa dogo la umeme la safarini kwa bei nafuu

Kabla ya rangi na bei, uliza urefu wa uzi unaopigwa, yaani kutoka unapoegemea kichwani hadi kwenye briji, kipande kinachoshika nyuzi kwenye kiwiliwili. Squier Mini Strat ina inchi 22.75, Ibanez miKro 22.2. Kwa urefu huo mfupi freti, vile vyuma vinavyokingama shingoni, hubanana na nyuzi namba 9 (namba ni unene wa uzi) hulegea na kuyumba sauti, kwa hiyo funga namba 10 au 11. Höfner Shorty ina kiwiliwili kidogo sana lakini uzi wa inchi 24.75; kwa vidole vya mtu mzima, hiyo ndiyo tunayoipendelea.

Aina zisizo na kichwa huokoa nafasi. Ila baadhi, kama Steinberger Spirit, hutumia nyuzi zenye vifundo ncha zote mbili: hakikisha unazipata mjini kwako kabla hujalipa.

Dukani, litune gitaa kwa programu ya simu. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, uupige, kisha ukandamize palepale uupige tena. Noti ya pili ikiwa juu kuliko ya kwanza, kitandiko cha uzi huo kwenye briji hurudishwa nyuma kwa bisibisi. Kama kimeshafika mwisho, liache gitaa hilo, maana litatoka nje ya tuni kila unapopanda shingo.

Pitisha kiganja ukingoni mwa shingo. Freti zinazokwaruza zinahitaji kusuguliwa kwa tupa. Chomeka waya, tikisa plagi. Mikwaruzo hapo mara nyingi ni soketi iliyolegea, matengenezo madogo: omba upunguziwe bei.

Kama ni la kupanda nalo ndege, lipime ukubwa likiwa ndani ya mfuko wake.